Mabaki ya Mkasi

Umenifia Jumanne, Wilfred Sowden,
na Jumatano nikalishusha kopo kutoka juu ya kabati,
lile la biskuti, la bati, picha yake imechujuka.
Humo umelala wewe, si yule wa magazetini.
Miaka thelathini na minne nilikuwa mkasi wako.

Kata pua uunge wajihi, ndiyo kazi yetu.
Nimekata pua nyingi, Wilfred.
Nyingine zilikuwa nzuri kuliko nyuso.

Hiki cha kwanza: Oldham, kiwanda cha pamba,
una miaka ishirini na mitatu, kamera ya kuazima,
koti la marehemu baba yako.
Ulitumwa upige picha za mashine, ukapiga mikono.
Msichana anaunga uzi uliokatika
bila kuutazama, anamtania mwenzake
kwa midomo mitupu, maana kelele za mitambo
zimewafundisha kusema bila sauti.
Wenye kiwanda wakauliza: mashine ziko wapi?
Nikakata. Sekunde kumi na tisa.

Hiki ni cha sabuni. Miaka sita ya matangazo,
sabuni, siagi ya bandia, chakula cha paka;
kodi ya nyumba haijui sanaa.
Mama anaanika shuka uani, Rochdale, mvua inaanza,
naye haanui, amesimama tu,
uso juu, kama mtu aliyesikia akiitwa.
Mteja akasema: sabuni yetu hainyeshewi.
Nikakata.

Kisha wakaja wenye pesa wa London,
wakakupa farasi mia mbili na nusu ya Hispania
na mwigizaji asiyejua kupanda hata punda.
Ulisifiwa mno, tembo likaingia maji.
Filamu ikaanguka kwa kishindo kilichosikika hadi benki.
Enid akaondoka na watoto, na piano.
Ukaja chumbani kwangu saa nane za usiku, viatu mkononi:
Beryl, kimebaki nini?
Nikakuonyesha farasi mmoja, peke yake,
anakunywa maji kwenye ndoo ya mpishi.
Tulimtazama mara saba.
Hatukumtumia.

Miaka kumi ya runinga. Inspekta na koti lake,
maiti kila Jumapili baada ya chai.
Uliifanya kwa adabu. Waliocheza maiti
uliwafunika blanketi kwa mkono wako
wakingojea taa.

Tuzo ilikukuta na mkongojo.
Ukumbi ukasimama, ukasema maneno manne,
ukaisahau sanamu ndani ya teksi.
Dereva aliirudisha Ijumaa
imefungwa kwa gazeti la mbio za farasi.

Leo wamekuandika safu mbili.
Mwaka mmoja wameukosea.

Nami jioni hii nimevaa glavu nyeupe,
nimeviunga vyote kwa gundi,
bila kufuata mwaka wala hadithi.
Dakika kumi na moja na ushei.
Nimezima taa. Ukutani, juu ya doa la unyevu,
uzi unaungwa, shuka zinalowa, farasi anainua kichwa,
na mwisho kabisa, kipande nisichojua kilifikaje humo:
chumba chetu cha kazi, kupitia dirishani,
mwanamke ana mkasi mdomoni, anatafuta kitu mezani,
hajui kwamba anapigwa picha.
Sekunde nne.

Hicho nani alikikata, Wilfred?
Mimi sikukikata.