Namba Zinaishia Tisini

Gari nililipata kwa mkopo wa chama cha walimu,
rangi ya fedha, mlango wa nyuma una mkwaruzo
uliotoka nao kwao. Likafika Nyakato na lugha yake.
Kila nikiwasha, mwanamke husema jambo moja
kwa adabu ndefu, kama muuguzi wa zamu ya asubuhi,
na mama, amekaa kushoto, mkoba mapajani,
humjibu: Mwangaluka, mayu.
Huwezi kusalimiwa ukanyamaza, asema,
hata na kabati.

Redio ndiyo iliyonitesa kwanza.
Namba zake zinaishia tisini,
na stesheni zetu nyingi zinaishi ng'ambo ya huo ukuta.
Miezi miwili tulisikiliza mchanga:
mchanga wa Mkuyuni, mchanga wa Butimba,
na ule mzito wa kupanda Bugando.
Mpaka Bwire, fundi wa Mabatini,
alipobandua dashibodi kwa kisu cha mezani,
akapachika kidude kidogo kuliko kibiriti,
na papo hapo, matangazo ya vifo, bei ya sato,
mchungaji, mpira, tangazo la sabuni.
Tena kila kitu kimeteremka ngazi:
ya mia naikuta themanini na nane.
Nafundisha hesabu. Najumlisha kumi na mbili,
mama ananitazama kama naota.

Hewa nayo.
Pale Kirumba, upepo ukivuka kutoka Mwaloni,
nabonyeza kile kigari chenye mshale uliojipinda ndani:
yetu izunguke humu, ya nje ibaki nje.
Mama hunyoosha kidole, akakibonyeza tena.
Acha iingie. Hao dagaa ndio waliokusomesha.
Basi tunakwenda Ilemela tukinuka ada ya shule.

Ile nusu nyekundu ya kitasa sikuwahi kuigusa.
Nani Mwanza analipia joto?
Usiku ule wa homa, saa tisa, meno yake yakigongana,
vitenge viwili na koti langu havitoshi,
nilikizungusha mpaka mwisho wake.
Ikatoka harufu ya vumbi la nchi nyingine,
kisha uvuguvugu kama pumzi ya ng'ombe.
Nilitokwa jasho mpaka viatuni.
Yeye akaacha kutetemeka kabla ya geti la hospitali
akauliza kama mafuta yanatosha.

Ramani nimeshindwa.
Haina Afrika. Kwake, tangu tushuke melini,
tuko majini: kimshale chekundu
katikati ya buluu isiyo na jina.
Tumeegesha sokoni, buluu. Tumekwama Igoma, buluu.
Kanisani, buluu tupu, na sadaka imeshapita.

Jumamosi tulikwenda Sengerema, kwa mama mdogo.
Lugembe aliomba lifti,
yeye aliyesomea ufundi Osaka miaka mitatu.
Nikawasha. Mwanamke akasema lake. Mama akaitikia.
Lugembe akacheka mpaka akajifuta macho:
Bibi, hakusalimu huyu. Anasema kadi haijachomekwa.
Kadi ya kulipia barabara za kwao.

Nilitamani kumshusha Buhongwa.
Mwaka mzima wa salamu, kumbe ni deni.
Mama hakusema kitu. Alitazama dirishani,
Usagara ikapita, mawe yakapita,
tukapanda daraja la Busisi,
ziwa kulia, ziwa kushoto,
na kwenye kioo kimshale chetu
kikielea palepale kwenye buluu yake.
Leo, akasema mama, leo haidanganyi.

Jioni, tukigeuza kurudi, funguo, taa,
yule mwanamke, sentensi yake ileile.
Nikasubiri.
Mama akafungua mkoba,
akapekua chini ya leso, vidonge, risiti za maji,
akatoa kadi yake ya kliniki, imekunjika pembe,
akaipangusa kwa kitenge, akaigeuza upande wenye jina:

Inaingia wapi?