Jina, Nyenzo, Ukubwa, Mwaka

Wametaka kazi kumi na tano, si zaidi.
Nimezitandaza sakafuni tangu alfajiri.
Kuku wa jirani amekwisha kuikanyaga ya nne
na sijui niifute au niandike hivyohivyo:
mkaa, karatasi, mguu wa kuku.

Mama aliposikia "mchepuo wa studio"
akauliza kama ni ile ya Dadi, pale stendi ya Newala,
yenye shuka la bluu na kiti kimoja.
"Miaka mitatu, kujifunza kupiga paspoti?"
Nilicheka. Kisha nikakosa jibu,
maana ni Dadi huyohuyo aliyenipigia picha za kazi,
bure, saa sita kamili, ukutani kwa ghala la ushirika,
kwa kuwa fomu inasema pasiwe na kivuli
na saa hiyo tu ndipo kivuli
hujikunja chini ya nyayo kama mbwa aliyekemewa.

Jina la kazi si tabu.
Nyenzo ndiyo imenikalisha.
Nitawaambiaje watu wa rangi za kopo
kwamba hudhurungi ile, kama chai iliyolala,
ni mafuta ya ganda la korosho,
niliyachovya kwa kijiti kama anayemlisha nyoka,
yakatafuna karatasi mbili
kabla ya kuukubali mfuko wa saruji?
Na njano ile ni salfa,
nimeikung'uta kwenye kola ya kaka yangu Mnyambe
aliyepulizia mikorosho ya watu Juni nzima.
Nikaandika: mchanganyiko.
Nikafuta.
Nikaandika yote, mpaka nje ya mstari.

Kinyago sikuweka. Mjomba Likapa akanuna.
"Mmakonde kuomba shule ya sanaa bila mpingo
ni kwenda msibani bila kanga."
Mpingo ni wako, mjomba. Mimi patasi inanikataa.
Siku mbili hakunisemesha;
ya tatu akaniletea msasa wake laini kuliko yote,
nisugulie kingo za ubao wa kazi ya tisa.

Sasa hii ya kumi na tano.

Mwaka juzi mama alikwenda kusajili laini ya simu.
Kijana wa mashine akasema, weka dole gumba.
Futa jasho, mama. Akafuta, kwa upindo wa kanga.
Kingine. Na kingine. Vyote kumi.
Mashine ikasema hakuna mtu.
Miaka kumi na tisa ya kubangua,
majivu viganjani badala ya glavu,
ilikuwa imelamba kila mstari.
Akarudi na laini yenye jina langu,
akaitupa mezani:
"Basi, siku nikiiba hawanipati."

Nikaazima kidau cha wino kwa karani wa ushirika.
Mama akabonyeza vidole, kimoja kimoja,
kwa uangalifu wa mtu anayejaribu maziwa ya mtoto.
Madoa kumi. Meusi, matupu, laini kama kokoto.
Pembeni nikabonyeza vyangu:
mistari tele, kelele tupu.
Akainamisha kichwa. "Hii nayo ni picha?"
Ndiyo.
"Basi yangu ikae kushoto. Mimi nimetangulia."

Ukubwa nilipima kwa utepe wa fundi cherehani.
Mwaka, kisanduku kina nafasi ya tarakimu nne.
Nikaandika ule alioanza kubangua, nikaweka kistari,
kistari kikagonga ukingo,
nikakiacha hapo.

Kazi tatu wanazitaka halisi.
Basi la Mtwara linaondoka saa kumi na moja,
Dadi amefunga bahasha kwa gundi yake ya paspoti,
na juu, kwa kalamu nyekundu, nimeongeza
jambo ambalo fomu haikuuliza:
ya pili na ya saba hazijakauka bado.
Tafadhali, msizishike kwa mikono mitupu.