Mti wa Jongoo

Fomu ilikuwa na mstari: Familia, idadi.
Wa mbele yangu waliandika saba, wengine watano,
wale wa Tabata wameshona fulana za rangi moja
utadhani kamati ya harusi.
Nikaandika mbili.
Nikaipitishia kalamu tena, ikakolea,
ikawa kama nimeandika kwa hasira.

Jumamosi, saa moja na nusu, Bustani ya Mimea.
Posta haijafungua vioo vyake.
Kiongozi wetu, Bwana Mkwizu, ana buti za mvua
na kipaza sauti kisicho na betri;
anakishika hivyo hivyo mdomoni, kwa heshima ya kazi.
"Leo hatujaja kuona," anasema. "Tumekuja kutazama."
Baba mmoja akacheka, akakohoa, akazima simu.

Tukatazama.
Gome lililochanika kama kiganja cha mpaka chokaa.
Shore wawili wakigombea tunda lililokwisha kuanguka.
Kunguru tukamruka:
mtu wa Dar utamweleza nini kuhusu kunguru?
Kwenye mti wa nne Mkwizu alikosea jina,
na mama mfagizi akasimamisha ufagio:
"Huo si mkrismasi, baba. Mjohoro huo.
Maua yake nimeyafagia miaka tisa, ni ya njano."
Mkwizu akavua kofia, akaandika kwenye daftari.
Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

"Dakika mbili," akasema, "masikio tu."
Jenereta. Pantoni likipiga honi kule Magogoni.
Jani likishuka bila haraka yoyote.
Na Chausiku ubavuni mwangu
akipumua kwa mdomo, mdomo wazi kidogo,
vile vile kama yule.

Halafu jongoo.
Mweusi, mnene, urefu wa kidole cha kati,
anakatiza njia ya saruji na miguu yake yote
kana kwamba njia imejengwa kwa ajili yake.
Kijana wa Tabata akainua kiatu.
"Ngoja!" Chausiku akapiga kelele,
akaokota kijiti, akapiga magoti na gauni lake la Idi.

Mwaka jana, mabegi ya baba yake yalipotoka mlangoni,
Shangazi Mwamtoro alisimama kizingitini, mkono kiunoni:
mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Nami nikatupa.
Mashati nikampa muuza mitumba, bila kuhesabu.
Picha zikaisha kwenye jiko la mkaa, chini ya maharage.
Namba nikaifuta; vidole bado vinaijua.
Nilitupa hata redio,
na redio ilikuwa nzima.

Jongoo akajikunja juu ya kijiti, duara, akawa kifungo cha koti.
Chausiku akatembea naye polepole
hadi kwenye majani yaliyooza, akamlaza, akasubiri.
Watu saba wa Tabata nao wakasubiri.
Mkwizu akaanza kueleza udongo unavyotengenezwa,
sikumsikia vizuri,
kwa sababu jongoo alijikunjua,
na mwanangu akarudi na kijiti mkononi.

"Utupe na mti," nikasema.
Si mimi. Lilikuwa koo langu, sauti ya Shangazi.
Akanitazama, si kuniona tu, kunitazama.
"Kwa nini? Mti haujafanya kitu."

Tukatoka na mti.
Aliupitisha kwenye nondo za uzio, ngo, ngo, ngo,
mguu wa kushoto akiutupa nje kidogo kila hatua,
mwendo ambao sikumfundisha mimi.
Getini, mlinzi na daftari lake: mmetoka wangapi?
"Wawili," nikasema.
"Na mti," akasema yeye,
na mlinzi, Mungu ampe maisha, akaandika.

Uko nyuma ya mlango, kati ya fagio na mwavuli.
Jumapili Shangazi alikuja, akauona kabla hajakaa.
"Mti wa nini huu?"
Nikamwambia wa Chausiku.
Akauangalia kwa muda.
Nikaenda kuchemsha chai.