Mkia wa Msafara

Nodari yuko mbele na mwavuli wa njano,
mimi nyuma, nahesabu visogo.
Kumi na wanane tulipoondoka uwanjani,
kumi na wanane tufike kwenye hamamu za Tbilisi,
kule mvuke unakonuka mayai viza
na watu wanalipa ili waunuse.
Hiyo ndiyo kazi yangu: kuwa mkia.

Mkia hausikii vizuri anachosema kichwa.
Maneno ya Nodari hunifikia yamekatwakatwa na upepo:
"...tajiri wa tumbaku... mbao kutoka... kwa mapenzi ya mkewe..."
na visogo vyote huinuka kwa pamoja
kuitazama roshani iliyotobolewa kama lesi.
Wanapiga picha. Wanasonga.

Hapo ndipo nyumba inapoanza kusema.

Dirisha halifunguki akipita mtu wa kwanza,
hufunguka akipita wa mwisho.
"Kaenda?" anauliza Bibi Eteri, taulo kichwani.
"Kaenda."
"Kawaambia tena ni mapenzi?"
"Kawaambia."
"Mapenzi! Mke hakulala humu hata usiku mmoja.
Alisimama hapo uliposimama, akahesabu vidato,
akarudi kwao Kutaisi na kofia yake."
Ananishushia kikapu kwa kamba,
ndani mna sarafu tatu: mkate mmoja, wa moto,
na nisimletee ule wa jana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wageni wamekuja.
Mwenyeji angali anaugua kodi ya nyumba.

Mtaa wa Sololaki unapanda.
Kuna ukuta umeegemezwa vyuma
kama mgonjwa aliyeshikwa kwapani apigwe picha ya familia.
Kuna lifti isiyokwenda mpaka uilishe sarafu.
Kuna ukumbi ambao Nodari huwaambia, "Tazameni dari!"
nao hulitazama: tausi, zabibu, malaika wasio na pua.
Mimi hutazama ilipo mikono ya wakaaji:
mita tisa za umeme,
kengele tisa mlangoni,
na jina moja lililofutwa kwa rangi
kisha likaandikwa upya kwa penseli,
herufi ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Kwenye kona ya duka la vitufe nikahesabu.
Kumi na saba.
Nikahesabu tena, taratibu, kofia kwa kofia.
Kumi na saba.

Nodari alikuwa mbali, juu ya ngazi za mawe.
Nikamwonyesha vidole: kumi, kisha saba.
Akatabasamu, akatikisa kichwa kunishukuru,
akawageukia watu wake
akaanza kuwasimulia karne ya kumi na saba.

Nikarudi mbio, kikapu cha Eteri kikinigonga goti.
Nilimkuta ukumbini Bwana Terziani wa Marseille,
mzee wa koti la kitani,
kidole chake kiko juu ya lile jina la penseli.
Hakibonyezi. Kiko tu.

Nikajua. Nimewaona wengi:
babu aliyezaliwa hapa, ufunguo kwenye kitambaa,
chozi, picha, asante.
Nikashusha sauti, nikamuuliza kama ni wa ukoo wake.

"Hapana," akasema. "Sina mtu katika mji huu.
Tangu asubuhi nimeambiwa nani alijenga.
Nani alijenga, nani alijenga.
Nataka kujua nani anakaa."

Akabonyeza.

Kengele ikalia juu kabisa, dhaifu,
kama kijiko ndani ya glasi ya chai.
Malaika wasio na pua hawakusogea.
Mlango ukafunguka ghorofa ya tatu,
kandambili zikaja mpaka kwenye ukingo wa ngazi,
sauti ya mtoto ikatuangukia:
"Ni nani?"

Bwana Terziani akanitazama. Mimi nikamtazama.
Miaka sita napita hapa mara mbili kwa siku,
na hilo sijawahi kuulizwa.

"Ni sisi," nikasema, mkate ukipoa mkononi,
"sisi wa mwisho."