Safu ya Sita

Daftari la wodi yetu lina safu saba.
Tarehe. Jina. Umri. Atokako. Aliyemleta.
Ya sita ni Sababu. Ya saba ni Matokeo,
hiyo huijaza kwa herufi moja tu.

Miaka kumi na tisa naijaza ya sita
kwa kalamu ya bluu ya serikali
na mwandiko alioninyoosha Sista Pelajia kwa fimbo.
Nimeandika: malaria kali.
Nimeandika: kaanguka akichota maji.
Nimeandika: tumbo, nikakomea hapo,
maana tumbo si uongo.

Juzi wakaniita ukumbini, ghorofa ya pili,
feni zikisukuma joto kutoka kona hii hadi ile
na harufu ya dagaa ikipanda toka Kirumba bila kualikwa.
"Bi Nyabise, njoo na takwimu.
Tunajadili sheria: ibaki, ikazwe, au ilegezwe."
Nikalifunga daftari kwenye khanga,
nikapanda nalo ngazi nimelipakata.

Akasimama Mchungaji Masalakulangwa, mtu mwema,
aliyewahi kununua jeneza la mtu asiyemjua.
Akasema uhai haupimwi kwa ratili,
hata ulio kama punje ya mtama una mwenyewe.
Sauti ikamkatika. Sikumcheka.
Mimi nami nina wangu wa miezi minne
chini ya mgomba kule Magu,
nilimpa jina ambalo baba yake halijui.

Akasimama Wakili Kokugonza, miwani imeshuka puani,
akasoma vifungu kama asomaye bei:
miaka kumi na minne kwa mwenye kumtoa,
saba kwake mwenyewe aliyekubali.
Kisha akafunga kitabu.
"Na umri wao je, hao tunaowagawia miaka?"
Ukumbi mzima ukanigeukia.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Milembe, kumi na sita, Kome.
Aliyemleta: dada, na ndoo.
Walivuka na kivuko cha alfajiri
wamekaa katikati ya matenga ya sangara;
sakafu ikalowa nyekundu,
abiria wakainua miguu, wakawalaani wachuuzi wa samaki.
Daktari wa zamu hakuuliza, "Unaumwa wapi?"
Aliuliza, "Nani amekufanyia hivi?"
akabaki mlangoni na glovu mkononi.
Si katili yule. Ana leseni, ana watoto watatu.
Dakika nne. Nilizihesabu ukutani.
Milembe akanivuta mkono wa gauni:
"Dada, usiandike. Baba anajua kusoma."

Safu ya saba niliijaza kesho yake.

"Kwa hiyo, takwimu zinaonyesha nini?"
Mwenyekiti alikuwa na kikao kingine saa nane.
"Zinaonyesha malaria, mheshimiwa."
Mtu wa nyuma akaguna:
"Mbu wa Mwanza kumbe wanachagua wasichana."
Wakacheka.
Kicheko kikafika safu ya mbele, kikafa chenyewe,
na Mchungaji akaanza kufuta miwani
ambayo haikuwa na vumbi.

Sikusema nani ashinde.
Sikuulizwa, na kama ningeulizwa
ningewaonyesha mgomba, kisha ningewaonyesha ndoo,
wao ndio wanaolipwa posho ya kuchagua.
Nilisema tu kwamba sheria yenu ina mkono wangu.
Kila uongo humu ndani mwandiko ni mmoja.

Usiku nikaingia zamu.
Mvua ilikuwa inapiga majabali ya Mabatini
na maji mekundu yakishuka vichochoroni kuelekea ziwani.
Akaletwa mwingine, mwanamke mzima, muuza vitenge,
watoto watano na mume Geita machimboni.
Tarehe. Jina. Umri. Atokako. Aliyemleta.
Kalamu ikasimama.
"Utaandika nini hapo?" akauliza.

Nikaligeuza daftari likamwelekea yeye,
nikampa kalamu.

Bado ameishika.