Uzi wa Machi

Walikuja Viljandi wakati mbaya:
theluji imeoza, matope hayajaamua,
na ziwa lina barafu ya rangi ya maji ya mchele.
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliugua nini?
Aibu tu. Mji mdogo, kituo kimoja cha basi,
na mama aliyepiga deki sebule mara tatu
kwa ajili ya mvulana wa Kireno asiyevua viatu.

Shuleni kila nchi ilipewa meza na dakika kumi.
Efisio wa Sardinia alijifunga kengele mgongoni,
kilo thelathini, akavaa barakoa nyeusi ya mti,
akaruka kwa bega moja, kisha jingine,
hadi chaki zikadondoka
na mwalimu wa kemia akaja kuuliza nani kafa.
Duarte akagawa nyundo za plastiki:
kwao Porto, usiku wa Mtakatifu Yohana,
unamgonga mpita njia kichwani, naye anacheka.
Tuligongana. Hata mwalimu mkuu aligongwa;
alicheka, lakini baadaye.
Sisi tulikoroga unga wa nafaka kwenye mtindi,
tukasema, hiki ndicho chakula chetu.
Walikula kwa adabu. Adabu ilionekana.

Wout, wa mji wa migodi huko Ubelgiji,
alisimama nyuma ya meza tupu.
"Kwetu hakuna kitu. Mgodi ulifungwa kabla sijazaliwa."
Akakaa.
Zikabaki dakika tisa ambazo hakuna aliyezitaka.

Ndipo Ralitsa wa Bulgaria akapita na mfuko wa nyuzi,
nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja,
akafunga kila mkono, wa Wout kwanza.
"Usiukate. Siku utakapomwona korongo,
au mti uliochanua, uvue, uutundike tawini."
Tukachungulia dirishani. Theluji ilikuwa inaanguka upya.
"Basi tutazeeka nao," alisema Duarte.

Alhamisi tukaenda Soomaa.
Huko tuna msimu wa tano,
mito inapopanda barabarani bila kuomba njia
na watu huenda dukani kwa mtumbwi.
Tukiwa ukingoni, na gambuti za kuazima,
Wout aligonga ubavu wa mtumbwi wake
mara tatu, kwa kifundo cha kidole, bila kututazama.
"Nini hiyo?"
"Babu alikuwa anagonga fremu ya mlango
kabla ya zamu. Baba hugonga gari. Sijui. Tunagonga."
Ralitsa akagonga wake. Nami wangu.
Mitumbwi sita, ngo ngo ngo,
kisha tukapiga makasia juu ya malisho ya ng'ombe,
juu ya uzio, kando ya kibao kinachosema punguza mwendo,
maji yamekifika kidevuni.
Duarte alilalamikia baridi kwa lugha tatu.

Waliondoka Jumamosi.
Duarte alivua uzi siku hiyohiyo: milozi kwao
ilikuwa imechanua zamani, haikumngoja.
Efisio, mpichi wa shangazi yake.
Ralitsa alituma picha ya korongo juu ya bomba la moshi,
mguu mmoja, kama mwenye nyumba.
Wout alikaa kimya wiki tatu, kisha akatuma yake:
mti mwitu, sijui jina, umejaa maua meupe
juu ya kilima cha taka za mgodi.
Hakuandika neno.

Wangu ulibaki. Ukawa wa kijivu,
ukanuka sabuni ya vyombo.
Mama akaniambia nitupe huo uchafu.
Hadi Aprili inaisha, nyuma ya kituo cha mafuta,
juu ya nguzo ya umeme, nikamwona,
ametoka kusini ya mbali, amevuka jangwa,
na hakuna aliyempa meza wala dakika kumi.
Nikatafuta mti. Ulikuwapo mmoja, una vichipukizi tu.
Nikaufunga hapo; utachanua ukipenda.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa na mkoba begani,
niligonga fremu ya mlango wetu.
Mama akauliza kutoka jikoni, nani anabisha?
Mimi, nikasema. Natoka.