Daftari la Jikoni, Viljandi

Daftari lina jalada la kijani, pembe moja imetafunwa.
Aliitafuna mwenyewe, mwezi wa pili,
usiku theluji ilipofika kwenye vizingiti vya madirisha
nami nikajifungia chooni dakika kumi na moja,
nikihesabu vigae, nikimngoja Raivo.
Naandika hivyo bila aibu. Tulikubaliana:
humu kinaingia kilichotokea, si tulichokiogopa.

Tarmo ana miaka thelathini na mmoja.
Hana maneno. Ana mikono ya babu yake mkata mbao
na kichwa ambacho, kikishikwa na kitu,
hukipeleka ukutani, tena na tena,
mpaka plasta ianguke na paji la uso lifunguke.
Faili aliyokuja nayo kutoka kituo kikubwa
ilikuwa nzito kuliko sanduku lake la nguo.
Mkali. Hatari. Mkali tena, kwa wino mwingine.
Hakuna aliyeandika kwamba anapenda mkate mweusi
ukatwe mwembamba hadi taa ionekane upande wa pili.
Hilo alituambia mama yake, Maimu,
siku ya kwanza, glavu zikiwa bado mkononi,
kama mtu asiyejua iwapo ataruhusiwa kukaa.

Tukamwambia kaa.
Kiti chake, kiti cha daktari Sulev,
cha Helve afundishaye ishara za mikono,
cha Raivo, changu,
na kimoja karibu na mlango, cha Tarmo mwenyewe:
aingie, aketi nusu dakika, achukue biskuti, aondoke.
Kikao chake, masharti yake.

Tulibishana. Asidhani mtu tulikuwa malaika.
Sulev alitaka dozi iongezwe.
Maimu akasema: mkimlaza mtapata ukimya, jibu hamtalipata.
Mimi nilitaka likizo.
Mkono mmoja haulei mwana, sawa,
lakini wangu wiki ile ulikuwa na nyuzi sita.

Jibu lilikuwa limelala daftarini
likingoja tusome kwa mpangilio:
Jumanne. Inayofuata, hakuna. Jumanne. Inayofuata, hakuna.
Daima kabla ya saa mbili asubuhi.
Raivo ndiye aliyelikamata,
akivuta sigara uani,
lori la chupa lilipomimina pipa la jirani:
vioo vikavunjika kwa mkupuo mmoja,
na huko juu kichwa kikaitikia.
Du. Du. Du.

Maimu alifunika mdomo.
Kule kituoni, alisema, dirisha lake
lilitazamana na ua wa jiko.
Miaka kumi na minne.
Hatukuuliza kingine kilichovunjika huko.

Dereva wa lori anaitwa Ago. Helve alimpigia simu.
Tulidhani atacheka. Akauliza tu,
"Saa ngapi hayupo nyumbani?"
Sasa Ago huja Tarmo akiwa bwawani,
masikio chini ya maji ya vuguvugu,
macho darini, amelegea kama shati lililoanikwa.
Kiti cha Ago kipo. Hajawahi kukikalia.
Ila jina lake limo ukurasa wa kwanza,
kwenye orodha ya wanaomtunza.

Usiseme basi, yameisha.
Jana alimng'ata Raivo begani
na sababu hatuijui.
Imeandikwa: saa, mwanga, chakula, nani alisimama wapi.
Chini yake, mwandiko wa Maimu unaoinama kushoto:
*Baadaye alikuja mwenyewe, akaweka kiganja juu ya bandeji,
taratibu, kama anayepima iwapo sufuria ingali na moto.*

Saa nane usiku. Zamu yangu.
Kalamu imeganda, naipumulia.
Juu kimya, kimya cha usingizi, si cha dawa;
nimejifunza kuvitofautisha.
Nakata mkate wa asubuhi, nauinua kwenye taa.
Bado mnene.
Nakata tena.